Huyu wa Ukutani

"Huyu si wangu," alisema Bibi Zelma Pavinyama. "Andika hilo kwanza, ndiyo unywe kahawa."

Arvella Koinva akaandika. Alikuwa mpelelezi wa polisi wa kabila kwa miaka ishirini na miwili, na alishajua kwamba bibi wa miaka themanini na minne akikuambia andika, huulizi kwa nini. Akaweka tarehe, Jumatatu, ishirini na tano Julai 1994, saa mbili asubuhi. Ndipo akainua macho.

Mwanasesere alining'inia juu ya kitanda, uzi wa pamba shingoni, msumari mmoja. Alikuwa wa aina wanayopewa watoto wachanga: bapa kama kibao, urefu wa kiganja, hana mikono wala miguu ya kumchoma mtoto macho. Uso mweupe, mashavu mawili mekundu ya duara. Hahay'i, mama wa Makatsina wote, roho wanaoleta mvua na zawadi za watoto, ambaye kila msichana wa Kihopi huanza naye.

"Makatsina waliniletea nikiwa bado nafungwa kwenye ubao wa kubebea mtoto," alisema Bibi Zelma. "Amekuwa juu ya kila kitanda nilicholala, isipokuwa cha shuleni na cha hospitali."

"Hospitali umekaa siku ngapi?"

"Wiki tatu. Nyonga. Nimerudi Ijumaa, Jumamosi tukawaaga Makatsina uwanjani wakirudi kwao, nikachoka, nikalala kama gunia. Jana usiku ndiyo nikamshika. Nikasema, wewe nani?"

"Na wengine wanasemaje?"

"Binti yangu anasema dawa za Phoenix zimenivuruga kichwa. Jirani ameniambia nimwombe radhi mwanasesere." Bibi akacheka mwenyewe. "Mimi nakwambia, mpe pua."

Arvella akamtoa ukutani kwa vidole viwili. Mwepesi kama boga kavu, kwa hiyo alichongwa kwa mzizi wenyewe, ule wa miti ya mabondeni. Rangi ilikuwa ya udongo, si ya dukani. Kazi safi. Akanusa.

"Ana moshi, Bibi."

"Moshi wa nini?"

Akanusa tena, polepole. Kisha akalitazama jiko la kona, na ndoo ya makaa ya mawe pembeni yake, na ukuta uliopakwa chokaa ukaingia weusi wa makaa miaka hamsini. Moshi aliokuwa nao mwanasesere ulikuwa mtamu. Wa kuni za mreteni.

"Sasa mgeuze," alisema Bibi. "Ukingo wa chini, upande wa nyuma."

Palikuwa na alama nne ndogo, mbili juu, mbili chini, zikitazamana.

"Meno yangu ya kwanza. Nilimng'ata mama wa watu mpaka wakamtundika juu nisimfikie. Kila usiku napitisha kidole hapo, ndiyo nalala. Pitisha chako."

Arvella akapitisha. "Alama zipo."

"Zipo. Lakini hayo si meno, mwanangu. Hicho ni kisu. Jino linabonyeza mti. Kisu kinautoa."

Arvella akaenda dirishani na lenzi yake. Kila alama ilikuwa na kona, na chini ya kona mti ulikuwa mweupe kidogo, umechunwa. Bibi alisema kweli. Akarudi akaketi, akaandika kwa muda mrefu.

Mtu anayetaka kudanganya jicho huiga kile jicho linachokiona kutoka mlangoni. Hizi alama zilikuwa nyuma, chini, upande unaolalia ukuta. Aliyeziiga alimshika yule wa kale siku nyingi, akamgeuza, akamsoma, na akaona kwamba meno ya mtoto nayo ni sehemu ya kazi. Watu wenye mkono huo kwenye milima hii mitatu hawakuzidi wanne.

"Mlango ulikuwa umefungwa?"

"Ufungwe na nani? Kwa sababu gani?" Bibi Zelma akamsukumia kikombe, na sahani ya mkate mwembamba wa mahindi ya bluu. "Kula. Sikiliza nikwambie kitu. Shuleni walinikata nywele, wakanivua jina, wakanipa hili la Zelma. Nikarudi baada ya miaka minne, mama yangu hanijui, mbwa hanijui. Nikaingia ndani, nikamkuta ukutani. Yeye alinijua. Mume wangu ameondoka, macho yanaondoka. Huyo simwachi aondoke. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, Bibi."

"Basi maliza kahawa uende."

*

Vitu vinavyotoka kwenye milima hii na kuuzwa huteremka kusini, kwenye mji wa reli. Arvella alipiga simu tatu kutoka ofisini. Duka la kwanza hawakuwa na kitu. La pili walikuwa nao wa kusimama kwenye kitako cha mti, wapya, wenye manyoya na rangi za kung'aa. La tatu lilikuwa la Bwana Prewitt, mbele ya stesheni.

"Ninaye bapa mmoja," alisema Prewitt. Alikuwa mtu wa sauti taratibu. "Hahay'i. Aliletwa Alhamisi. Ana alama ukingoni, nilidhani panya."

"Aliyemleta?"

Karatasi zikasikika. "Kijana anaitwa Darold. Ameleta watano pamoja. Nimeandika hapa: mchongaji, Orin Nutumya."

"Wewe ukiangalia, huyo ni kazi ya mwaka huu?"

Karatasi zikawekwa chini. "Nimekaa kwenye biashara hii miaka thelathini, mama. Nilijua ni wa kale."

"Na hukuuliza?"

"Niliuliza nani kachonga. Nikajibiwa. Nikaandika nilichojibiwa."

"Huyo ni mali ya mwanamke ninayemjua, ametolewa nyumbani kwake."

"Inawezekana. Lakini nimeshampata mnunuzi, anapanda treni leo saa kumi jioni, na baada ya hapo ni ndege na bahari. Mimi si mtu mbaya, mama. Nileteeni karatasi yenye mistari mitatu. Nani alikichukua. Kilichukuliwa wapi. Na nani alikichonga, maana mwenye kitu cha namna hii hakosi kujua kimetoka kwa nani. Mkiniletea hiyo kabla ya saa kumi, nakitoa. Mkikosa, nina stakabadhi na nina sahihi."

Arvella akatazama saa. Ilikuwa saa tatu na dakika kumi. Kushuka mpaka mji wa reli ni saa moja na nusu kama barabara haina kondoo.

*

Darold alikuwa shambani kwao bondeni, ameinama na jembe katikati ya mahindi mafupi. Baba yake marehemu alikuwa wa ukoo wa Tumbaku kama Arvella, na kwa hiyo Arvella alikuwa shangazi yake, na shangazi ana haki zake za utani.

"Mume wangu!" aliita kutoka barabarani. "Unanikimbia mpaka huku?"

Darold akajinyoosha, akacheka kwa aibu. "Shangazi, mke wangu atasikia."

"Asikie. Nikimkuta nitamng'oa nywele. Ameninyang'anya mwanamume mzuri, halafu hata kulisha hamlishi. Tazama miguu hiyo, kama kwato za mbuzi."

"Umekuja kunitania au umekuja na bastola?"

"Vyote." Arvella akaketi kwenye ukingo wa shamba, akatoa daftari, na utani ukaishia hapo. "Alhamisi ulipeleka wanasesere mjini. Wangapi?"

"Watano. Wa babu Orin. Kila mwezi nampelekea, gari lake limekufa tangu Machi."

"Wote watano walikuwa wake?"

"Wa nani tena?"

"Uliwaona?"

"Walikuwa kwenye sanduku. Wanne wa kusimama. Mmoja bapa, amefungwa kitambaa peke yake. Huyo alinipa mkononi." Darold akafuta jasho. "Alinipa maneno ya ajabu. Alisema, 'Huyu usimuuze huku karibu. Mwambie Prewitt ampeleke mbali.'"

"Hukumuuliza kwa nini?"

"Shangazi, wewe humjui babu Orin? Ukimwuliza kwa nini, anakupa tupa na msasa anasema kaa hapo ufikirie. Nimeshafikiria mara nyingi kule, nina malengelenge."

"Kwenye karatasi uliandika yeye kachonga."

"Mzungu aliuliza nani. Nikasema Orin. Kwani uongo?" Akaacha kucheka. "Nimefanya nini, Shangazi?"

Arvella alimtazama. Mikono ya kijana ilikuwa ya jembe. Asingeweza kuchonga hata mwiko. Na mtu anayeuza cha wizi haandiki jina lake kamili na la mchongaji juu yake.

"Umefanya alichokutuma babu," alisema. "Palilia. Magugu yamekushinda upande ule."

*

Nyumba ya Orin Nutumya ilikuwa ya mwisho kabla ya genge la mlima. Kabla hajagonga mlango Arvella aliusikia moshi, mtamu, wa mreteni. Makaa ya mawe Orin hakuyataka. Alisema yanachafua rangi nyeupe.

Alikuwa chini ya dirisha, kipande cha mzizi magotini. Sakafu ilijaa vipandikizi. Alikuwa na miaka themanini kasoro mmoja, na macho yake yalikuwa yameingia ukungu kama glasi ya taa iliyotumika.

"Ingia, mwanangu. Kuna mchuzi wa kondoo, umebaki wa Jumamosi. Leo umevaa nguo za kazi."

"Nimekuja kikazi, Babu."

"Basi kula kikazi."

Akala vijiko vitatu, kwa adabu, akaweka bakuli chini.

"Bibi Zelma alipokuwa hospitali, uliingia nyumbani kwake?"

"Niliingia."

Alijibu upesi hata Arvella akapoteza swali la pili.

"Ulichukua nini?"

"Mwanasesere wake. Nimekaa naye wiki mbili na siku moja. Jumatano nikamrudisha msumarini, siku mbili kabla mwenyewe hajarudi." Akapuliza vumbi kwenye mzizi. "Hilo ni kosa? Andika ni kosa. Baba zetu walikuwa ndugu, tulikula sahani moja. Lakini sikumwomba. Ni kweli sikumwomba."

"Ulimtaka wa nini?"

Orin aliacha kuchonga. Aligeuza kisu, akakipangusa kwenye suruali.

"Nilipelekwa shule nikiwa na miaka saba," alisema hatimaye. "Lori lilisimama pale chini, penye mipichi. Siku hizo bonde lote lilikuwa mipichi. Wakati wa kuanika matunda yake, paa zote zilikuwa za rangi ya chungwa, ukisimama hapa juu unadhani kijiji kinawaka. Baba alikaa dirishani hapa hapa, na mzizi, hivi. Hakutoka nje kuniaga, aliendelea na kazi, ila nilipofika mlangoni akanishika mkono akaupitisha kwenye mti aliokuwa anaulainisha. Basi. Niliporudi likizo ya tatu, dirisha lilikuwa wazi na yeye hayupo. Homa. Walishamzika tangu baridi."

Akapangusa vipandikizi magotini.

"Hakuacha picha. Hakujua kuandika. Kila alichokifanya kiliingia mikononi mwa wasichana, na wasichana wakacheza navyo mpaka vikaisha, kama inavyotakiwa. Mwaka wa njaa vilivyobaki wakapewa wapita njia. Amebaki huyo mmoja wa Zelma. Miaka yote naenda kunywa kahawa pale namtazama juu ya kitanda. Macho yanafunga sasa. Nikasema, kabla hayajafunga, nimshike. Nijue alishikaje kisu."

"Ukamwiga."

"Ndiyo njia ya kujua. Huwezi kujua mkono wa mtu kwa kutazama. Nikaiga kila kitu. Hata pale alipokosea, begani, nikakosea."

"Na wako ukampa Darold."

"Kitu cha mtu hakiwi viwili kijijini. Kumchoma moto niliona vibaya. Nikasema aende mbali."

Arvella akafungua mfuko, akatoa mwanasesere aliyemchukua kwa Bibi Zelma, akamweka magotini pa mzee.

Orin akatabasamu. "Huyu hapa. Mbona umemtoa ukutani? Zelma atakuua."

"Huyu ndiye wa Zelma?"

"Kwani mimi simjui?"

"Pitisha kidole, Babu. Ukingo wa chini."

Mzee akapitisha kidole gumba. Kikafika kwenye alama, kikasimama. Kikarudi nyuma, kikapita tena. Kondoo walilia chini ya genge na mtu akawafokea.

"Kisu," alisema Orin.

"Ndiyo."

"Hiki ni kisu changu."

"Ndiyo, Babu."

"Niliwaweka wawili hapo dirishani," alisema taratibu. "Nikaenda kuchanja kuni. Niliporudi nikasimama. Nikawatazama. Nikasema, ni yule wa kushoto." Alimshika mwanasesere kwa mikono miwili sasa. "Sikushika. Niliona aibu kushika, kama ninamwuliza baba jina lake. Nikasema macho yanatosha."

Akacheka kidogo, kwa pumzi, na akapangusa pua kwa mgongo wa mkono.

"Yuko wapi?"

Arvella akamweleza, pamoja na treni ya saa kumi na ile mistari mitatu. Akaweka karatasi kwenye kiti kati yao. Orin akachukua kalamu akaandika mstari wa kwanza kwa herufi za shule, kubwa, zilizolala: *Mimi Orin Nutumya nilimchukua.* Akaandika wa pili: *Nyumbani kwa Zelma Pavinyama, kwa msumari.* Akaweka kalamu chini.

"Mmoja umebaki," alisema Arvella.

"Huo siandiki."

"Babu. Ni saa sita."

"Nifunge pingu. Andika niliiba, andika niliiba mara mbili. Zelma aliletewa mwanasesere wake. Hakuna mtu amewahi kumwambia vingine, miaka themanini na minne. Nani alimletea? Wewe unajua walioleta ni Makatsina, si mtu. Hata yeye mwenyewe baba hakuwahi kutamka, sasa mimi mwanawe nikatamke kwenye karatasi ya duka?"

"Usipotamka, anapanda ndege."

"Najua!"

Ilikuwa mara ya kwanza kupaza sauti. Arvella hakubishana. Akatazama vipandikizi sakafuni, kisha karatasi, kisha kitu alichoandika asubuhi kutoka kinywani mwa Prewitt: *mwenye kitu hakosi kujua kimetoka kwa nani.* Kwa vitu vya duka la Prewitt ilikuwa kweli. Kila mmoja pale amesimama kwenye kitako chenye jina chini. Lakini mwanamke wa hapa ukimwuliza nani alimchonga mwanasesere wake na akakujibu jina, basi huyo alinunua. Mwenyewe hasa ndiye asiyejibu. Hilo lilikuwa ushahidi, ila lilisimama kichwa chini miguu juu, na duka lisingeliona.

Kilichokuwa kwenye stakabadhi ya duka ni jina moja tu. Orin Nutumya.

"Babu," alisema. "Usiandike ni wa nani. Andika si wa nani."

Orin akageuza uso.

"Karatasi yao inasema wewe ndiye mchongaji. Ni kweli?"

"Si kweli."

"Basi andika hiyo. Halafu uje ukaionyeshe kwa kidole."

*

Waliketi watatu kiti cha mbele cha gari la polisi, Bibi Zelma katikati na fimbo yake. Aliambiwa yote isipokuwa moja, na hilo moja hakuliuliza. 

"Mwizi gani wewe," alisema maili ya kumi, akitazama mbele. "Mwizi anaacha ukuta mtupu. Wewe unaniachia mgeni."

"Nimekosa, dada."

"Umekosa. Na kahawa yangu umekunywa miaka arobaini, kumbe jicho liko kitandani. Majirani walidhani unanitaka mimi."

Arvella alikohoa, akashika usukani vizuri.

"Hata mimi nilidhani," akaongeza Bibi Zelma, na Orin akatazama nje ya dirisha mpaka walipoyaona matangi ya stesheni.

Ilikuwa saa nane na dakika hamsini. Prewitt alikuwa nyuma ya kaunta, mwembamba, miwani kwenye paji la uso. Alimtoa mwanasesere kwenye karatasi laini bila kubishana, akamlaza juu ya kitambaa. Arvella akamlaza wa pili kando yake.

Prewitt akashusha miwani. Alitazama huyu, akatazama yule. Akainama. Uso ulimbadilika.

"Kipi ni kipi?"

"Mwulize yeye," alisema Arvella.

Orin akaegemea kaunta. Safari hii macho aliyafunga. Akaweka kidole gumba ukingoni pa wa kwanza, akatoa. Ukingoni pa wa pili, akatoa.

"Huyu, mti umechunwa. Nimeuchuna mimi, kwa kisu hiki hapa mfukoni. Huyu mwingine mti umebonyea. Tazama na lenzi yako. Humo hamna kisu. Humo kuna mtoto."

Prewitt akachukua lenzi. Alichukua muda, na Arvella alimwachia muda wake. Alikuwa mtu wa kazi, na mtu wa kazi haharakishwi mbele ya kitu. Aliponyanyuka akaomba karatasi.

"Mimi Orin Nutumya nilimchukua," alisoma. "Nyumbani kwa Zelma Pavinyama, kwa msumari." Akafika mstari wa tatu. "'Huyu wa kale si wa mkono wangu. Wa mkono wangu ni huyu mpya.'" Akaweka karatasi chini. "Hii inaniambia si cha nani, mzee. Stakabadhi yangu ni ya uwongo, nakubali. Lakini mnunuzi ataniuliza. Kama si chako, basi cha nani?"

Orin akaangalia kalamu iliyokuwa kwenye kaunta. Alikuwa na jibu, na saa ya ukutani ilikuwa inakwenda, na Arvella aliuona mkono wake ukitoka mfukoni.

Fimbo ya Bibi Zelma ikashuka juu ya karatasi, pa, kabla mkono haujafika.

"Umeuliza cha nani?" alimwambia Prewitt.

"Ndiyo, mama. Kitu hiki ni cha nani?"

"Wangu."

Prewitt alimtazama. Alifungua mdomo kuuliza tena kwa maneno mengine, akamtazama Arvella, akamtazama mzee aliyekuwa ameinamisha kichwa, akaufunga. Akavua miwani. Akamsukuma yule wa kale kwa vidole viwili, juu ya kitambaa, mpaka upande wa pili wa kaunta.

"Na huyu mpya?" aliuliza baada ya kuifuta ile stakabadhi. "Nikimwambia mnunuzi ni kazi yako ya mwaka huu, ni kweli?"

"Huyo ni kweli," alisema Orin. Akamgeuza, akaandika jina lake nyuma, herufi kubwa zilizolala. "Mpeleke mbali."

Nje, upepo ulikuwa unapeperusha vumbi la reli. Arvella alimpandisha Bibi Zelma garini, akamfunga mkanda, akawasha injini. Walikuwa wameshapita daraja walipomsikia.

"Orin."

"Naam, dada."

"Nishikie huyu. Barabara ina mashimo na mikono yangu inatetemeka."

Arvella aliitupia macho ile mikono. Ilikuwa imetulia kama mawe ya kusagia. Bibi Zelma alikuwa amemtoa mwanasesere kwenye kitambaa na kumweka wazi, kifua wazi, kwenye viganja vya mzee.

Orin akampokea. Baada ya muda vidole vyake vikaanza kutembea, begani, shingoni, ubavuni, taratibu, kama mtu anayesoma gizani.

"Na wewe, mwanangu," alisema Bibi Zelma, macho yake barabarani. "Nani anakukimbiza? Punguza."

Arvella akapunguza.